Kumpelekea Ma Verediana Besi

Jamani, mmenichosha kwa maswali. Tangu nirudi Mwanza, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Mwajuma, ilikuwaje Ngenge?" Nikianza kusimulia mnanikatiza, mnacheka, halafu mnasema naongeza chumvi. Basi nimeamua kuandika. Msome mkiwa mmekaa, na safari hii hakuna wa kunikatiza.

Kwa asiyenijua vizuri, mimi napiga muziki. Si ule mliouzoea kwenye sherehe, wimbo huu mara wimbo ule, maharusi waingie, keki ikatwe. Mimi nachukua matari ya Misri, kengele za chuma za Ghana, ngoma za Kolombia, na midundo inayotengenezwa kwa kompyuta na vijana wa Dar na Kampala, nazipandisha moja juu ya nyingine taratibu sana, mpaka muda mrefu unapita na hujui kipande kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Hakuna anayeimba. Mwanzoni utadhani hakuna kinachotokea. Nyie mnanijua, foleni ya maandazi tu inanishinda, lakini kwenye muziki nina subira ambayo mama yangu hajawahi kuiona nyumbani.

Kilichonipeleka Kagera ni Kemilembe, huyu Kemi fundi cherehani jirani yangu. Wazazi wake wako Ngenge, wilaya ya Muleba, na walikuwa wanatimiza jubilei ya dhahabu ya ndoa yao. Mama yake, Ma Verediana, masikio yalimpungua kidogo kidogo mpaka yakazima kabisa. Alipoletwa Mwanza hospitali wakamwambia hakuna la kufanya. Lakini siku moja, akiwa ameegemea ukuta wa chumba cha Kemi, lori la kokoto likapita nje, na yeye akasema, "Lori."

"Alisikia kwa mgongo, Mwaju," Kemi aliniambia. "Mama alikuwa mchezaji wa ngoma, kijiji kizima kilimjua kwa hilo. Kama alisikia lori, na besi zako atazisikia. Nataka siku ya jubilei yake asikie ngoma, hata mara moja tu."

Nilikubali hata hajamaliza kusema. Habari za tiketi na maandalizi siwaambii, zinachosha. Tuanze na meli.

Melini, mpaka Bukoba

Meli ilichelewa kuondoka kwa sababu ya magodoro. Kuna mfanyabiashara alileta magodoro mengi kuliko alivyosema, yakawa yanapandishwa huku wakubwa wa bandari wakigombana naye, na sisi tumekaa tunayaangalia yakipita kama maandamano. Kemi akatoa chapati. Mimi nikatoa kompyuta yangu nipange muziki, kwa sababu nisingeweza kukaa bure bila kwenda kugombana na mtu.

Karibu yetu alikaa mama mmoja muuza samaki wa Kemondo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa amejisemesha na kila mtu. Akaniuliza nasikiliza mawaidha gani kwa muda wote ule. Nikamvika visikilizio. Akatulia, macho juu, kama mtu anayengoja simu ipokelewe.

"Wimbo unaanza lini?" akaniuliza.

"Umeshaanza, mama."

"Umeanza wapi? Nasikia mtu anapepeta mchele."

"Hayo ni manyanga. Subiri, vingine vinakuja."

"Mwanangu, mimi nashuka Kemondo. Vitakuja kabla sijashuka?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa shida, kwa sababu swali lenyewe lilinigusa pabaya. Kama huyu anayesikia hana subira, itakuwaje kwa asiyesikia? Lakini alikataa kuvivua vile visikilizio. Injini ilivyoanza kunguruma na taa za Mwanza zikabaki nyuma, nikamwona amesinzia, mdomo wazi, na mguu wake mmoja unagonga sakafu sawasawa na ngoma. Nilimwonyesha Kemi ule mguu. Tukalala na furaha.

Asubuhi aliposhuka Kemondo alinirudishia visikilizio na kusema muziki wangu ni mzuri kwa usingizi. Nilimshukuru hivyo hivyo.

Kitendaguro: kuku ndani ya spika

Mimi mtoto wa Bukoba. Babu yangu alitoka Pangani na biashara zake, akaoa hapa, akazikwa hapa, ndiyo maana Kihaya changu ni cha kuombea maji na kuagia watu. Kaka yangu Hamisi ni fundi umeme na anaishi Kitendaguro, nyumba imezungukwa na migomba na mibuni michache. Kwake ndiko zilikokuwa spika zangu za besi, mbili, tulizitengeneza wenyewe kwa mbao nzito. Ni ndefu, kila moja inakaribia kitanda cha mtoto, na kwenye kila moja kuna tundu kubwa la kutolea mvumo.

Tulifika na mbwembwe zote, nikamkumbatia kila mtu, nikaingia stoo zilikohifadhiwa, kati ya magunia ya kahawa. Ndani ya tundu la spika ya kwanza kulikuwa na macho mawili yananitazama. Kuku. Ameatamia.

"Usimguse," alisema Mama Aisha, wifi yangu, akiwa mlangoni na mwiko mkononi. "Huyo kesho au keshokutwa anaangua."

"Wifi, jubilei ni kesho."

"Mwambie yeye basi. Mimi nilikwambia mwaka jana uje uchukue makabati yako."

Nawaambia, nilibishana na yule mwanamke mpaka Kemi akatoka nje asicheke mbele ya watu. Mimi naongea besi, yeye anaongea vifaranga. Mimi nasema kuna mama mzima anasubiri Ngenge, yeye anasema na huyu aliyemo humu ni mama pia. Hamisi ndiye aliyetuokoa. Aliandaa boksi la maranda, akamfunika kuku kwa kanga ili asione kitu, akamhamisha yeye na mayai yake taratibu kama anabeba bomu, halafu tukakaa kumlinda tuone kama atakubali. Alikubali, lakini kwa nafasi yake. Mchana ukapita. Tulikula ndizi za maharage na samaki wa kukausha, wifi akaniongezea mnofu bila kuniangalia usoni, nikajua tumepatana.

Dereva alikuja na pikapu, mtu mmoja wa makamo anaitwa Projestus, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Spika zikalazwa nyuma, moja ikifuata nyingine. Manyunyu yalikuwa yameanza, hivyo tukazifunga nailoni, na Mama Aisha, kwa kuonyesha kwamba hana kinyongo, akatoa shuka lake jeupe jipya lifunike juu ili vumbi lisiingie. Tukalibana kwa kamba. Likapendeza sana.

Izimbya: msiba usiokuwa na marehemu

Kabla ya kwenda Muleba ilitubidi tupite Izimbya kumchukua shangazi yake Kemi, Ma Adventina, dada wa baba yake. Yeye ndiye aliyesimamia arusi ile ya kwanza, na bila yeye jubilei isingekuwa jubilei.

Tulipoacha lami nikaanza kuona mambo. Mzee mmoja njiani akavua kofia tulipompita. Mwendesha baiskeli akashuka, akasimama pembeni na mkungu wake wa ndizi. Kina mama waliokuwa wanaanua kahawa kwenye mikeka wakanyanyuka wote, mikono mbele.

"Watu wa huku wana adabu," nikasema.

"Wananijua," akasema Projestus. "Mimi huku ni mtu mkubwa kidogo."

"Nshomile wewe," Kemi akamwambia, na sote tukacheka, kwa sababu kila Mhaya akijisifu hilo ndilo jina lake. Kucheka kwetu nako kukawashangaza wale waliosimama barabarani, lakini hilo hatukulitilia maanani.

Tukaingia kwa Ma Adventina. Alikuwa uani anamenya ndizi. Alinyanyua kichwa, akaliona gari, akaliona shuka jeupe refu lililofungwa kamba, akamwona Kemi amejitanda kanga kwa sababu ya manyunyu, kisu kikamdondoka. Akatoa ukelele ambao sitausahau, akaanguka palepale kwenye maganda, akiita jina la kaka yake.

Mpaka tunashuka kwenye gari, majirani walikuwa wameshafika. Nyie mnajua mtu wa Buhaya akifia mbali lazima arudishwe kwao akazikwe kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake, na hurudishwa hivyo hivyo, kwa pikapu, chini ya shuka. Jembe likaachwa shambani. Wanaume wawili wakaja na mapanga tayari kukata miti ya kujengea kibanda cha waombolezaji. Mwanamke mmoja akanikumbatia akanililia begani, nami, Mungu anisamehe, nikaanza kulia pia kabla sijajua analilia nini.

Kemi alikuwa amepiga magoti kwa shangazi yake, anapaza sauti kwa Kihaya na Kiswahili kwa pamoja. "Baba mzima, shangazi. Baba yuko Ngenge anapika lubisi ya jubilei. Hizi ni spika. Ni muziki."

Hakuna aliyemwamini. Ikabidi mimi na Projestus tufungue kamba, tutoe shuka, tutoe nailoni. Mzee mmoja mwenye panga akasogea, akachungulia tundu, akagonga ubao kwa kidole.

"Sasa aliyekufa ni nani?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Na haya mawili ni ya nani?"

"Ni yangu. Ni ya kupigia muziki."

Akapachika panga kwapani. "Waitu, binti, siku nyingine funika kwa shuka la maua."

Hapo ndipo walipoanza kucheka, mmoja mmoja, mpaka wote. Ma Adventina yeye hakucheka. Alikaa kwenye maganda yake akilia machozi mengine sasa, ya kupumua, na alipoinuka alinipiga kibao cha mgongo kilichonifikia mapafuni. Na kuondoka hatukuweza, maana sufuria zilikuwa zimeshainjikwa. Wenyewe walisema mtu akishakuja msibani hawezi kurudi nyumbani na njaa eti kwa sababu maiti hayupo. Tukala, tukalala hapo, na alfajiri tukaondoka na shangazi mbele, spika nyuma chini ya turubai la bluu.

Kwenda Muleba: senene na maneno ya shangazi

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, na gurudumu lilipata pancha tukiwa tumekaribia mji wa Muleba. Projestus, mtu mkubwa wa huku, hakuwa na jeki. Tukakaa kando ya barabara karibu na akina mama wanaouza mananasi, tukingoja gari litakalopita na jeki. Tukanunua nanasi. Yupo pia aliyekuwa na senene wa kukaanga, panzi wapya wa msimu, wamekolea chumvi, bado wana joto. Nilikula mpaka vidole vikang'aa mafuta. Nyie mnaokula wa kwenye pakiti mjini hamjui mnachokosa.

Pale ndipo Ma Adventina aliponiongelesha kwa mara ya kwanza tangu Izimbya.

"Kwa hiyo unampelekea muziki kiziwi," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Unajua wifi yangu alikuwa anachezaje?" Akaweka senene wake pembeni. "Kaka yangu alimwona ngomani. Aliporudi nyumbani hakula. Tukamuuliza unaumwa? Akasema hapana, kuna msichana nimemwona, akicheza ngoma inamfuata yeye, yeye haifuati ngoma. Siku ya arusi alicheza mpaka wapigaji wakabadilishana, yeye bado. Masikio yalipoanza kufa alikuwa bado anaenda kwenye sherehe. Siku moja akacheza, ngoma ikanyamaza, yeye akaendelea. Hakujua. Watoto wakacheka. Tangu hapo hajacheza tena. Hata kanisani anakaa nyuma."

Kemi alikuwa ameacha kutafuna. Nadhani hata yeye hiyo ya watoto kucheka alikuwa haijui.

"Sikatai," shangazi akaendelea. "Ila ukimweka mbele ya watu wote, halafu mkapiga, na yeye akakaa tu kama gogo siku yake mwenyewe, hiyo aibu ni nani ataibeba? Wewe utapanda meli."

Jeki ikapatikana, tukaondoka, na nanasi lililobaki halikuliwa na mtu.

Ngenge: muziki ulioanza bila kuanza

Tulifika misa imekwisha, watu wanatoka kigangoni kuelekea nyumbani kwa wazee. Jamani, palipambwa. Maturubai uani, migomba michanga imesimikwa kila nguzo, na chini kote wametandika nyasi mbichi laini, kama wazee wa Kihaya wanavyompokea mgeni wa heshima. Kwa wenye jubilei ndiyo kabisa. Mahali pao paliinuliwa, nyasi zinafika kwenye vifundo vya miguu, juu yake godoro, juu ya godoro zulia, na juu ya zulia viti viwili vya sofa vya mahameli. Wakwe na wajukuu walishindana kuongeza. Nilipowaona nikafurahi kwa jinsi walivyopendwa.

Ma Verediana ni mama mwembamba, mrefu, mwenye macho yanayokutazama mdomo. Ta Laurian, mumewe, amekaa wima kando yake, mkono kwenye mkono wa kiti chake. Binti akatuletea akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna, nikatia mdomoni, nikafunga nyaya. Besi nikaziweka chini pande mbili, karibu kadiri nilivyoruhusiwa. Jenereta ikawashwa nyuma ya nyumba.

Nikaanza na manyanga, peke yake, sauti ndogo. Watu wakageuza shingo. Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Deo, mstaafu mwenye suti ya kijivu na kipaza sauti anachokipenda kuliko pensheni yake. Akangoja kidogo.

"Ndugu wageni waalikwa, fundi mitambo anajaribu vyombo, tuvumiliane."

Nikamwonyesha dole gumba kwamba tayari. Akafikiri namwambia bado. Nikaongeza kengele. Nikaongeza tari. Muziki unapanda, unashikana, nywele zinaanza kunisimama, na yeye tena: "Tunaomba fundi akimaliza kujaribu atuwekee wimbo."

Mara ya tatu nilimfuata nikamnyang'anya kipaza sauti. "Mwalimu," nikasema mbele ya watu wote, "wimbo ulianza zamani."

"Uliimbwa na nani?" akauliza, kwa nia njema kabisa, na umati ukaangua kicheko. Nikarudi mezani masikio yanawaka moto.

Lakini walikuwa wamebaki. Hilo ndilo nililoliona baada ya hasira kutulia. Mzee mmoja fimbo yake inagonga. Safu ya kina mama mabega yanakwenda, mashavu yanatafuna kahawa kwa mapigo. Ngoma za Kolombia zilipoingia, mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Walitaka kucheza, niliwaona, miguu iko tayari. Ila wenye jubilei hawajafungua, na mbele yao hakuna wa kunyanyuka. Ta Laurian naye hawezi kunyanyuka bila mkewe. Na mkewe amekaa anatabasamu lile tabasamu la heshima, anatazama midomo ya watu, anaweka kitenge sawa.

Kemi alikwenda kwake, akamwinamia, akamwekea mkono kwenye kiti. Akarudi kwangu macho yamejaa.

"Hasikii kitu. Ananiuliza kama tunasubiri chakula."

Nikafungua besi. Nilizifungua zaidi ya nilivyowahi popote. Mifuniko ya sufuria ikaanza kulia jikoni, kuku wakakimbilia migombani, mimi mwenyewe kifua kinanitetema kama nimemeza simu. Ma Verediana akapiga mwayo, akauziba kwa mkono. Ma Adventina, kutoka safu ya mbele, akanitazama tu. Baadaye nilielewa: nyasi, godoro, zulia, mahameli, yote yale waliyomtandikia kwa mapenzi, hakuna mtetemo ungepenya kumfikia. Wakati ule sikuelewa chochote. Nilijua tu kwamba nimekuja kumkalisha mama wa watu kama gogo, na kwamba mimi nitapanda meli.

Kibuyu

Ikafika zamu ya lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mjukuu wa kike akaja akipiga magoti, akampa bibi yake kibuyu chenye mrija, maana wenye siku ndio wa kwanza kunywa. Ta Laurian alikuwa ameipika mwenyewe, ndizi amezikanyaga kwa miguu yake, kazi ambayo hakumwachia mtu. Mimi sinywi, nilipewa juisi yenyewe kabla haijachacha, tamu mpaka meno yanauma, nikawa nanywa huku muziki unakwenda na moyo umekufa.

Ma Verediana akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akashtuka. Akachungulia ndani. Halafu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, akasema kwa Kihaya neno lililowafanya wageni wote kugeuka. Kemi akanishika mkono.

"Amesema lubisi haijaiva. Amesema bado inachemka."

Nyie hamjui hilo ni tusi gani. Kumwambia mwanamume siku ya jubilei yake, mbele ya wakwe, kwamba amewanywesha watu pombe mbichi. Ta Laurian akasimama nusu. Akachukua kibuyu, akanywa, akatikisa kichwa kwa hasira. Imeiva. Akamrudishia. Ma Verediana akakishika, akakataa, akamwonyesha kwa vidole: inatetemeka. Inatembea humu ndani.

Mzee akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mkewe. Akabaki hivyo. Hasira ikamtoka usoni polepole, akageuza kichwa akanitazama mimi, moja kwa moja, na mimi nilielewa sekunde ileile aliyoelewa yeye. Nikaziondoa besi zote. Ma Verediana akatazama kibuyu. Nikazirudisha. Akanyanyua macho.

"Ni ngoma?" akauliza. Kwa hilo hata Kihaya changu kilitosha.

Ta Laurian akaitikia kwa kichwa.

Akampa mumewe mrija amalize lubisi yote, na yeye akamaliza, mzee wa watu, akinywa bila kupumzika huku watu wanamshangilia. Kibuyu kikawa kitupu, kikaanza kutetema kwelikweli. Ma Verediana akakikumbatia kifuani, akafumba macho. Mimi sikuongeza kitu. Nilimwachia mdundo uleule mmoja, urudie, urudie, mpaka niuone umemwingia. Bega la kulia likaanza. Kisha la kushoto. Akavua viatu, akashuka kwenye zulia, akashuka kwenye godoro, akavuka zile nyasi zote mpaka kwenye udongo, na miguu yake ilipogusa ardhi alifungua macho kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi.

Basi nikamletea kila kitu. Kengele, matari, ngoma zote, kimoja baada ya kingine, na yeye kila mlango niliofungua aliingia. Ta Laurian mbele yake, suti na yote. Uani pote watu wakasimama. Ma Adventina alipita kwangu akicheza na kunipiga mgongoni palepale pa jana, nikashukuru. Mwalimu Deo alicheza na kipaza sauti mfukoni. Vibuyu vyote vya nyumba ile vilikwisha, kina bibi wanakumbatia vyao na kuambizana. Kemi peke yake hakucheza, alikaa chini ya meza yangu analia kwa kwikwi, na mimi juu yake nalia kwenye mashine.

Nilishusha kama ninavyoshusha siku zote, taratibu, kimoja kimoja, mpaka kikabaki kimya. Ma Verediana alisimama pale pale ngoma iliposimama. Pamoja na wote. Kisha akaja kwenye meza yangu, miguu ina udongo, akasema maneno mengi kwa sauti kubwa, na mimi nikamwangalia Kemi.

"Anasema rudia," Kemi akasema. "Tangu mwanzo. Anasema mwanzoni hakuwepo."

Wingu lilikuwa limetanda upande wa milimani, keki inangoja, chakula kinapoa. Mwalimu Deo akatoa kipaza sauti kutangaza hayo yote, akamtazama yule mama, akakirudisha mfukoni.

Miaka yote ninayopiga, naanza na manyanga. Hakuna kibuyu kinachosikia manyanga. Nikayaacha, nikaanza na besi.